Vumbi Jeusi

Kabla ya kuliona vumbi, Mama Plasta alilinusa. Plasta haina harufu; ukiitoboa inatoa unga mweupe, basi. Lakini harufu iliyompanda puani asubuhi ile ilikuwa ya mafuta ya taa yaliyochanganyika na yai viza, na duniani kuna kitu kimoja tu alichokijua chenye harufu hiyo: jiwe la Tabaka Jeusi likijeruhiwa.

"Zima," alimwambia mumewe.

Seremala hakusikia. Alikuwa amepiga goti juu ya benchi, drili inanguruma mikononi, miwani ya usalama ameipandisha kichwani kama urembo. Mama Plasta akaufuata waya ukutani na kuuchomoa kwa nguvu hata soketi ikalegea. Drili ikanyamaza. Kwenye kitambaa cheupe walichotandika chini ya fremu kulikuwa na kilima kidogo cha unga mweusi.

Seremala akautazama ule unga, kisha akamtazama mkewe, kisha akaurudia unga. Akaugusa kwa kidole. Yeye ni mtu wa maneno, mtu anayeweza kumtania maiti, lakini hapo akabaki kukipangusa kile kidole kwenye suruali.

"Umeniambia nitoboe hapa," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayeomba asikubaliwe. "Umeniambia hapa ni patupu, hakuna mfupa. Na umeniambia hii ndiyo nakala."

"Nimekuambia," alisema Mama Plasta. Akakaa kwenye kiti cha mzunguko, kikamzungusha kidogo na kumwelekeza ukutani, naye akabaki hivyo hivyo anatazama ukuta.

Ili ujue ni msiba gani ulioingia katika karakana ile, ni lazima ujue jiwe lenyewe. Nyuma ya mji kulikuwa na machimbo yaliyotoa mawe meusi ya kutandika sakafu, mawe yanayobanduka tabaka kwa tabaka kama maganda ya kitunguu. Pale palikuwa bahari, zamani ambayo ukiitaja kwa miaka unajisumbua bure. Zamani ambapo reptilia walikuwa bado wageni duniani na baadhi yao walikuwa wameanza kujuta kuishi nchi kavu, wakarudi majini. Wachimbaji walikuwa wakibandua jiwe wanakuta samaki, wanakuta makombe yaliyojiviringisha, na siku moja wakambandua yeye: mnyama wa urefu wa mkono wa mtu mzima, shingo ndefu, meno kama sindano, vidole vyote vya miguu minne vimetulia mahali pake kama alivyolala mara ya mwisho. Wengine wa jamii yake waliopatikana walikuwa vipande. Huyu pekee ndiye aliyekuwa mzima. Na hakuna atakayepatikana tena, maana machimbo yalijaa maji ya chemchemi, na sasa ni ziwa ambamo watu hufulia nguo.

Kwenye makumbusho walimwita Binti. Nakala zake zilitawanyika katika vyuo na kumbi mbalimbali, na zote alizizaa Mama Plasta. Yeye ndiye aliyemwaga mpira wa maji juu ya jiwe na kupata kalibu ya kumiminia, yeye aliyekoroga plasta, yeye aliyepaka rangi kwa brashi ya nywele tatu. Kazi yake ilikuwa haina mfano, na ubaya wake ni kwamba alilijua hilo. Walisema wahenga, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mama Plasta alisifiwa na wageni, akasifiwa na maprofesa, akasifiwa na gazeti moja lililomkosea picha.

Hata mchezo ulizuka. Kila mgeni mkubwa akija, Daktari, yule mama aliyekuwa mkuu wa makumbusho, alimleta karakanani, jiwe na nakala vikawekwa pamoja, na mgeni akaambiwa abahatishe. Mgeni angekodoa macho, angeinama, angejikuna kidevu, kisha angekosea. Hapo Daktari angesema, "Mama, mwonyeshe," na Mama Plasta angenyoosha kidole bila hata kusimama. Watu wangecheka na kupiga makofi. "Mwana hampotei mamaye," angesema Mama Plasta, kila mara maneno yale yale.

Kulikuwa na kanuni, bila shaka. Jiwe likitoka kabatini lifungwe utepe mwekundu, na kila nakala ichorwe mistari mitatu mgongoni. Lakini utepe, alisema Mama Plasta, unamdanganya rangi. Wekundu unamwakia jichoni wakati anataka kuona weusi. Akawa anauvua. Na mgongo, tangu Seremala alipotengeneza fremu pacha za mbao ngumu, moja ya jiwe na moja ya nakala, zenye uzito sawa na ubao nyuma, ulikuwa haufikiki mpaka ufungue skurubu nane. Nani angefungua skurubu nane, na Mama Plasta yupo? Kanuni ilikuwa ni yeye.

Asubuhi ile alivitoa vyote viwili ili afananishe rangi kwa mara ya mwisho, kwa sababu nakala ilikuwa inakwenda kutundikwa katika ukumbi wa maktaba ya mji. Mtoto wao wa kike, msaidizi wake wa kupaka rangi, alikuwa ametumwa dukani kununua vanishi. Mama Plasta alipomaliza alisukuma kimoja kabatini, akamwita mumewe, akamwonyesha kingine. Toboa hapa tundu la skurubu ya kuitundikia, chini ya shingo, patupu. Naye akatoboa.

"Labda ni wewe uliyekoroga plasta nyeusi," alisema Seremala sasa, na mwenyewe akaona alivyosema upuuzi.

"Fungua kabati."

Akaenda, akatoa fremu ya pili, akailaza kifudifudi juu ya gunia, akaanza kufungua skurubu. Skurubu ya tano ikamponyoka ikabingirika chini ya benchi, wala hakuifuata. Ubao ulipoinuka, mgongo ulikuwa mweupe pe, na katikati yake mistari mitatu.

Kwa hiyo ilikuwa kweli. Mama Plasta alijua tangu ile harufu, lakini kujua ni kitu kimoja na kuona ni kingine. Alirudi kwenye jiwe, akalisogelea mpaka pua ikakaribia kuligusa, akapitisha kidole. Tundu lilikuwa pale, safi, lenye ukingo mkali. Na pembeni mwa tundu, kidole chake kikakutana na kifupa kidogo, na kingine, halafu hakuna. Hapakuwa patupu. Ulikuwa mkono wa kushoto wa Binti. Vidole viwili vilikuwa vimegeuka unga juu ya kitambaa.

"Mungu wangu," alisema polepole. "Nimemkata mkono."

Akili ya mtu aliyeshtuka ni kitu cha ajabu, hukimbilia popote penye kivuli. Ya Mama Plasta ilipata kivuli kimoja, ikajibanza hapo. Alianza kucheka, kicheko kikavu cha kooni.

"Unajua nini kimenimaliza?" alimwambia mumewe. "Mkono wangu mwenyewe. Nimetengeneza nakala mpaka ikanidanganya mimi niliyeizaa. Wakinifukuza, waandike hivyo: amefukuzwa kwa kuwa fundi kupita kiasi."

Seremala hakucheka. Yeye ambaye hucheka hata mazishini alisimama anaviringisha skurubu kati ya vidole, anaangalia mlangoni.

Mlangoni alikuwa amesimama binti yao, mkebe wa vanishi kifuani. Alikuwa ameshaona drili, kitambaa, ule unga. Aliweka mkebe chini, akaja mpaka kwenye jiwe, akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Mwanangu, hata mimi imenishinda," alisema Mama Plasta, bado na kile kicheko. "Mama yako kajizidi mwenyewe. Ile nakala haijapata kutokea."

Msichana alimtazama baba yake. Baba akatikisa kichwa kidogo: usiseme. Lakini huyo alikuwa mtoto wa mama yake, na mdomo ukishafunguka haufungwi.

"Mama, ile nakala nimeipaka mimi."

"Umenisaidia, ndiyo."

"Sikukusaidia. Nimeifuta yote uliyopaka, nikaipaka upya. Ukienda kula mchana. Hii, na ile ya chuo, na zile mbili za kabla yake." Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti ilikuwa imara. "Ulikuwa unapaka mifupa kahawia, Mama. Unapaka mifupa pasipo na mifupa. Mwaka mzima sasa."

Seremala akaiweka ile skurubu juu ya benchi.

Mama Plasta alitaka kumwambia: uongo, unanionea kijicho, tangu lini yai likamfundisha kuku. Badala yake alimgeukia mumewe.

"Na wewe ulijua."

"Nilijua," alisema Seremala.

"Mnakaa na mimi meza moja, mnanitazama usoni, mnanisifu. Kikulacho ki nguoni mwako, kumbe walisema kweli."

"Tulikuambia uende ukapimwe macho. Ukasema ni taa za humu ndani hazitoshi. Nikakuwekea taa nne, mke wangu. Humu sasa kuna mwanga wa kupikia. Ukasema ni miwani. Tukabadilisha miwani mara mbili." Alikuna kichwa. "Una mtoto wa jicho, kila mtu anaona isipokuwa wewe, na hilo lenyewe si ajabu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini nani angekuambia? Wewe ukiambiwa chai imepungua sukari, unanuna mpaka Ijumaa."

Ingekuwa siku nyingine, angemrushia brashi. Lakini Mama Plasta alikuwa amepigwa mara nyingi mno kwa asubuhi moja. Kwanza jiwe. Halafu mkono wa Binti. Na sasa hata ile fahari ndogo ya msiba, ile ya kwamba ameangushwa na ufundi wake mwenyewe, ilikuwa imechukuliwa. Haikuwa kazi yake iliyomdanganya. Ilikuwa kazi ya mwanawe, na yeye hakuitambua.

Aliumia, na chini ya maumivu akaona aibu, na chini ya aibu palikuwa na hofu tupu: kama hana macho, yeye ni nani katika nyumba hii ya mawe?

Nje ukasikika mlango wa gari. Seremala akachungulia dirishani. "Daktari. Na yule mkutubi wa maktaba kaja kuona mzigo wake." Papo hapo akawa mtu mwingine, mwepesi, mwenye mipango. Alirudisha ubao wa nakala kwa skurubu tatu, akaziegemeza fremu zote mbili ukutani bega kwa bega, akafunika sehemu ya chini ya kila moja kwa kitambaa safi, akakikunja kile chenye unga na kukisukumia chini ya benchi.

"Nisikilizeni. Mgeni akishaondoka, nitamwambia Daktari mimi nilichukua fremu isiyo yangu. Sikumuuliza mtu, nikatoboa. Mimi ni seremala, ninajua nini habari ya mifupa? Watanifukuza, sawa. Nitatengeneza vitanda. Watu hawaachi kulala."

"Baba," alisema msichana.

"Wewe nyamaza, umeshasema ya kutosha leo. Mama yako akitoka humu atakufa. Mimi nikitoka nitapata usingizi."

Mama Plasta alifungua mdomo, na kabla hajajua atasema nini, mlango ulikuwa umefunguka.

Daktari aliingia amechangamka, amevaa gauni lake la shughuli na viatu vya kisigino. Alimpenda Mama Plasta. Miaka ya nyuma, akiwa mwanafunzi, alijifunza kukoroga plasta kwenye benchi lile lile. Nyuma yake alikuwa mkutubi, bwana mmoja mwembamba mwenye miwani minene, anayetembea kwa uangalifu kana kwamba mawe yamelala na yanaweza kuamka.

"Shikamoo Mama. Naona mmeshatuandalia mchezo wetu," Daktari alisema alipoziona fremu mbili. "Haya, bwana mkutubi, hakuna anayetoka humu bila kubahatisha. Moja ni jiwe, lina umri ambao hatuwezi hata kuufikiria. Moja ni plasta ya juzi. Lipi ni lipi?"

Mkutubi akainama, akajikuna kidevu, kama wote. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Hili la kulia ndilo jiwe," alisema mwishoni, "kwa sababu la kushoto ni zuri mno."

Daktari akacheka bila kumjibu. "Mama, mwonyeshe."

Hapo Seremala akakohoa. Alikuwa amejisogeza taratibu mpaka akasimama kando ya fremu ya kushoto, mikono nyuma, anatazama dari kama askari wa gwaride. Akakohoa tena, kikohozi kifupi.

Mama Plasta akamwangalia mumewe. Alikumbuka. Alikumbuka mchezo wa mwisho, wa wale wageni wa wizara, na ule wa kabla yake, na jinsi mumewe alivyokuwa na kifua kibaya siku za wageni, mpaka yeye akawa anamchemshia tangawizi. Alikumbuka kwamba kila mara alinyoosha kidole upande ambao Seremala amesimama, baada ya kunong'ona kwanza na mtoto wao, na kila mara aliamini ni macho yake yaliyomwambia. Mwaka mzima wa makofi. Hata makofi hayakuwa yake.

Ilikuwa rahisi. Anyooshe kidole kushoto, aseme Mwana hampotei mamaye, watu wacheke, mkutubi aende zake. Jioni mumewe afungashe misumari yake na randa yake, na yeye abaki na jina. Mumewe mwenyewe ameshakubali, tena kwa utani. Akamwona pale alivyosimama, shati lina unga mweusi kifuani ambao alisahau kuukung'uta, anakohoa kwa mara ya tatu kwa ajili ya mtu asiyewahi kumshukuru.

"Sijui," alisema Mama Plasta.

Daktari alitabasamu akidhani ni sehemu mpya ya mchezo. "Hujui nini, Mama?"

"Sijui lipi ni jiwe. Sioni, mwanangu. Nina muda sioni." Neno lilitoka gumu, lakini lililofuata lilikuwa jepesi kuliko alivyotegemea. "Na moja kati ya hayo lina tundu, chini ya kitambaa. Mume wangu alishika drili, lakini aliyemwambia toboa ni mimi. Nilimwambia ni patupu. Asiguswe mtu mwingine."

Seremala aliacha kukohoa. Tabasamu la Daktari lilibaki usoni kwa muda, kama taa iliyosahauliwa kuzimwa, kisha likaondoka. Alirudi nyuma hatua moja, kisigino kikakanyaga mfuko wa plasta, naye akauketia palepale na gauni lake la shughuli, unga mweupe ukimpanda mpaka magotini. Mkutubi alivua miwani yake tena na hakujua aipeleke wapi.

"Ni nakala iliyotobolewa," alisema Daktari. Hakuwa anauliza, alikuwa anasihi. "Mama, niambie mmetoboa nakala."

"Tumetoboa jiwe."

"Lipi? Lipi kati ya haya?"

Mama Plasta akamtafuta binti yake, akamwona kama umbo lenye ukungu karibu na mkebe wa vanishi.

"Mwanangu," alisema, "mwonyeshe."

Msichana hakuinama, hakujikuna kidevu. Alinyoosha mkono palepale aliposimama, kama mtu anayeonyesha nyumba yao, na Daktari akaziba uso. Mama Plasta akainuka, akaenda mpaka pale kidole kilipoelekea, akakaza macho kwa nguvu zake zote, akalitazama jiwe, akaitazama nakala, akarudia tena jiwe, na hakuona tofauti yoyote.